Bendera ilikwama juu ya mlingoti: kisa cha bodaboda na mzee hapa Mbeya

Kisa hiki kimetokea kwenye mtaa mmoja hapa Mbeya mjini, ukitoka Mwanjelwa unapandisha, mwaka huu 2026 kwenye zile mvua za mwanzoni mwa mwaka. Mtaa siutaji na watu siwataji manake bado tunaishi humohumo na watoto wao wanasoma shule moja. Nimeamua kukiandika kirefu sababu mimi ndo nilikuwa naandika muhtasari kwenye kikao cha usuluhishi, nikawasikia wote mpaka mwisho, na toka siku ile nasikia watu wanakisimulia nusunusu, huyu anasema vijana wa siku hizi hawana adabu, yule anasema wazee wanaonea watoto wa watu, wakati kisa chenyewe hakikukaa hivo hata kidogo.

Kwanza kwa wasiojua utaratibu. Kwenye ofisi za serikali na vituo vya polisi bendera ya taifa inapandishwa saa 12 asubuhi na kushushwa saa 12 jioni, na filimbi ikipigwa aliye karibu anasimama pale alipo, mwenye baiskeli anashuka, mwenye gari anasimamisha, mpaka filimbi ya kuruhusu ipigwe ndo watu wanaendelea na safari zao. Waliokua miaka ya 70 na 80 hili hawakufundishwa darasani, waliliona kwa baba zao wakalibeba. Sahivi ukisimama barabarani saa 12 jioni utaona mwenyewe, nusu wanasimama, nusu wanapita na earphone masikioni, na wale waliosimama wanawaangalia wanaopita kwa jicho baya sana.

Pale mtaani kwetu kuna ofisi ya mtaa, mbele yake kiwanja kidogo na mlingoti wa bomba la chuma. Hatua chache pembeni, kiwanja hichohicho, kuna tawi la chama na lenyewe lina mlingoti wake na bendera yake. Ng'ambo ya barabara ndo kijiwe cha bodaboda. Vitu vyote hivi viko karibu kiasi kwamba mtu akikohoa ofisini kijiweni wanasikia.

Na bendera ya taifa yenyewe niieleze ilivyokuwa siku ile, sababu nusu ya kisa iko hapo. Bluu ilishapauka imekuwa kama maji ya kufulia ya mwisho, nyeusi imegeuka kahawia, mistari ya dhahabu huioni mpaka usogee karibu, na ukingo wa nje upepo wa huku kwetu uliuchana, vikabaki vipande virefu vinaning'inia kila kimoja kivyake. Ilikuwa hivo toka kipupwe cha mwaka jana. Mtendaji kapita chini yake kila siku, mwenyekiti kapita, wajumbe wamepita, na sisi wananchi tunaokwenda kuchukua barua za utambulisho tumepita, hakuna aliyesema.

Sasa jioni hiyo manyunyu yameanza. Mgambo akatoka akapiga filimbi ya kwanza, watu wachache waliokuwa pale wakasimama, akaanza kuvuta kamba. Kamba ikagoma. Ile kamba ya nailoni ilikuwa imeingia pembeni ya kapi kule juu, anavuta inashuka kidogo inakwama, analegeza anavuta tena, bendera iko nusu ya mlingoti haipandi haishuki. Dakika zinaenda, mvua inaongezeka, watu wamesimama wanalowa, na filimbi ya pili haijapigwa.

Hapo ndo kijana akatokea na pikipiki kutoka sokoni, kampakia mama mmoja na kiroba cha parachichi. Filimbi ilishapigwa kitambo na yeye hakuisikia, anasema aliona watu wamesimamasimama akajua wanajikinga mvua au kuna tukio, akakata kona apite. Mzee mmoja, ana zaidi ya miaka 70, mtu anayeheshimika sana pale mtaani, akatoka kwenye mstari akaingia barabarani akashika usukani.

"We kijana, huoni bendera inashushwa?"

"Shikamoo mzee. Sijaona, nina abiria."

"Zima chombo ushuke."

"Mzee si nishasimama, niachie basi, mama analowa huyu."

Mzee akachomoa funguo akaiweka mfukoni. Yule mama ametueleza kwamba mpaka hapo kijana alikuwa anaongea kwa adabu tu, lakini funguo ilipotoka akabadilika sura. Akasema, kwa sauti ambayo kiwanja kizima kilisikia, "basi hilo tambara lenu lishusheni wenyewe."

Mgambo akaiacha kamba. Nataka msomaji alione hili vizuri, aliiachia kamba na bendera ikabaki inapepea nusu mlingoti, akaja akamzaba kijana kibao, akamrusha kichurachura kwenye tope mbele ya watu, mbele ya abiria wake, mbele ya wenzake walioanza kuvuka barabara huku wanapiga honi. Baada ya hapo ni vurugu. Jiwe likarushwa, kioo cha dirisha la ofisi kikavunjika, mzee akasukumwa akaanguka chini, pikipiki ikapelekwa kituoni na parachichi za watu zimesambaa barabarani. Bendera ililala juu usiku ule. Kesho yake asubuhi ndo fundi alipanda akaitoa.

Siku tatu zilizofuata mtaa uligawanyika kuliko nilivyowahi kuuona, hata wakati wa kampeni haukuwa hivo. Grupu la wasap la mtaa likajaa voisi noti za matusi. Upande mmoja wanataka kijana apelekwe mahakamani, wanataja Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971, na kweli sheria ipo na inalinda bendera na ngao yetu, si kitu cha kuchezea. Upande mwingine wakaleta klipu za yule mchezaji wa Marekani, Colin Kaepernick, aliyepiga goti mwaka 2016 wakati wimbo wa taifa lao unapigwa, akipinga namna polisi wanavyowatendea weusi, wakasema huko kwao hakuna aliyemrusha kichurachura. Mimi mfano huo niliuona haufiki, sababu yule alipanga, alijua anachofanya na alieleza kwanini, na huyu wetu alikuwa anawahisha abiria kwenye mvua. Ila ulionyesha kwamba vijana walishaanza kukipa kisa maana kubwa kuliko ilivyokuwa mwanzo. Kijiwe kikagoma kubeba mtu yeyote wa ofisi ya mtaa na mtu yeyote wa nyumbani kwa yule mzee, wajukuu zake wakawa wanatembea kwa miguu kwenye tope kwenda shule.

Kilichotuokoa ni mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, aliyefundisha nusu ya mtaa ule, wazazi na watoto. Alienda kwa mzee akaenda kijiweni, akawaambia Jumamosi mtakuja darasani kwangu wote na atakayekosa nitamfuata kwake. Wakaja. Kila mtu akaongea bila kukatwa, huo ndo ulikuwa utaratibu wake, ukimkatisha mwenzio unatoka nje.

Mzee akaanza. Alikuwa mtoto wa shule bendera hii ilipoanza kutumika mwaka 1964, baada ya Muungano, na anakumbuka mwalimu wao alivyochora ubaoni akawaeleza kijani ni ardhi na mimea, nyeusi ni watu, bluu ni maji na dhahabu ni madini. Akaenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Halafu akaenda Vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979. Hapo alinyamaza kidogo, akasema kuna wenzake alioondoka nao huku nyanda za juu na hawakurudi, na wale wachache aliowaona wakizikwa ile bendera ilikuwa juu yao. "Mwanangu aliposema tambara, mimi sikusikia kitambaa. Nilisikia wale." Darasa zima lilikuwa kimya, hata wale vijana waliokuja na hasira.

Kijana yeye kazaliwa 2001. Alichosema hakikuwa kile watu walichotegemea. Alisema kwanza anaomba radhi kwa ile kauli, haraka tu, halafu akaeleza. Shuleni bendera aliijua kwa fimbo, ukijikuna paredi wakati wimbo unaimbwa unachapwa. Alipokua, ofisi yenye ile bendera ndo anakodaiwa michango, ndo anakoambiwa njoo kesho kila akifata barua. Akasema kila jioni yuko kijiweni anaangalia, mgambo anashusha bendera ya taifa, anaikunja anaiweka kwapani, anaenda kushusha na ile ya chama, mtu yuleyule, dakika zilezile, na zinaingia ofisi zile mbili kwa zamu. "Sasa mimi nitajuaje kama ipi yangu na ipi yenu?"

Akagusa na mwaka jana. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, mtandao ulizimwa nchi nzima, watu walikufa, kuna mwenzao wa kijiweni alikamatwa siku zile akakaa ndani wiki kadhaa na mama yake alizunguka vituo mpaka viatu vikaisha. Halafu sherehe za Uhuru za 9 Desemba zikafutwa. Akasema baada ya hapo kuiangalia bendera kwa macho yaleyale imekuwa ngumu, haichukii, ila akiiona anamkumbuka mwenzake. Kuna wazee waliguna hapo. Mwalimu akawaangalia tu, wakatulia.

Sasa mama mmoja akatoa simu. Alikuwa na picha ya Agosti 2025, kipindi cha CHAN, yale mashindano ya mpira ya Afrika tuliyoandaa pamoja na Kenya na Uganda. Kwenye picha ni kijana huyuhuyu, kaifunga bendera ya taifa kwenye pikipiki yake, nyingine kajitanda mabegani, na nyuma yake pale kijiweni kwenye benchi kakaa mzee huyuhuyu anaangalia Taifa Stars kwenye tivii ya kijiwe. Simu ikazunguka darasani. Mzee aliishika muda mrefu. Akamuuliza, "Na hii ilikuwaje?" Kijana akajibu, "Hii ilikuwa yetu wote mzee, hata wewe ulikuja."

Kwa maoni yangu kiini cha kisa kiko kwenye picha ile, na ndo maana sikubaliani na wanaosema vijana wameacha kuipenda bendera. Kijana alinunua bendera kwa hela yake mwenyewe ya mafuta. Alichokikataa jioni ile ni kusimama kwa amri chini ya watu ambao haoni kama wanamuhesabu.

Na hapa lazima turudi nyuma kidogo, manake mzee naye hakosei bure. Bendera ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikuwa kijani na nyeusi, na bendera ya Tanganyika ya 9 Desemba 1961 ilichukua rangi hizohizo ikaongezwa mistari ya dhahabu. Bluu nayo ilikuja na Zanzibar mwaka 1964, kutoka kwenye rangi za ASP, chama cha Afro-Shirazi cha huko. Yaani rangi za vyama ndo zilizaa rangi za taifa, na kuanzia 1965 mpaka 1992 nchi ilikuwa ya chama kimoja kisheria. Mtu wa rika la mzee kakua miaka hiyo yote ambayo chama, serikali na taifa vilikaa chumba kimoja na hakuna aliyeona shida. Milingoti miwili kiwanja kimoja kwake ni kawaida kabisa, hata kwenye kikao alishangaa kwanini tunaiongelea. Ila kijana kazaliwa miaka tisa baada ya vyama vingi kurudi. Kwake chama ni kitu unachochagua au unachokataa, na haki hiyo anayo. Sasa ukimpandishia bendera ya taifa na ya chama kwa mkono mmoja, unamlazimisha achague hata pale ambapo hakutakiwa kuchagua, na akikikataa chama ataikataa na bendera bila kukusudia. Hili kosa si lake. Ni la waliopewa kazi ya kutenganisha vitu hivi wakaona ni usumbufu.

Kuna jambo lingine lilijitokeza kikaoni ambalo wengi hawakulitegemea. Mama mmoja ni Shahidi wa Yehova, akasimama akasema hapa mnaongea vijana na wazee tu, na sisi je? Watoto wake hawaimbi wimbo wa taifa kwa sababu ya imani yao, wanasimama kimya na adabu zao, na wameitwa wasaliti mara nyingi tu, na watu wazima. Akakumbusha kwamba wanafunzi 127 wa imani yake waliadhibiwa mashuleni kwa kutoimba, wakaenda mpaka Mahakama ya Rufani na mwaka 2013 mahakama ikawapa ushindi. Mzee akauliza, lakini wanasimama? Mama akasema wanasimama. "Basi mimi na hao sina ugomvi." Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu zuri kuliko yote siku ile, lilionyesha kwamba mzee hakuwa anadai watu wafanane, alikuwa anadai wasipite tu.

Makosa sasa, na nitayasema kama ninavyoyaona. Kijana alikosea kauli, na kuomba radhi ilikuwa lazima. Mzee kumsimamisha alikuwa na haki, ni malezi, mtu mzima akimkataza mtoto wa mtaani kwake sisi huku hatuiti uonevu. Kuchomoa funguo hapana. Ile ni kazi ya mtu, na aliichomoa mbele ya abiria kwenye mvua, angemwambia neno moja tu kwamba kamba imekwama subiri kidogo kijana angesubiri, yeye mwenyewe kasema hivo na mimi namuamini. Kurusha jiwe ni ujinga na aliyerusha mpaka leo kajificha.

Lakini mzigo mkubwa nauweka kwa ofisi na kwa mgambo. Ofisi iliacha bendera ichakae mpaka ikachanika, halafu ikataka watu waisimamie. Huwezi kumdai mtu heshima ya kitu ambacho wewe mwenye dhamana nacho umekitelekeza juani miezi na miezi. Na mgambo ndo aliyeiacha bendera hewani akaenda kumpiga mtu. Ukiniuliza jioni ile nani aliidharau bendera kwa vitendo, nitasema yule aliyeachia kamba. Kibao na kichurachura havipo kwenye utaratibu wowote wa kushusha bendera, na kumdhalilisha kijana chini yake ndo njia ya haraka kabisa ya kumfanya yeye na wenzake wote waliokuwa wanaangalia waione kama kitu cha kuogopa. Walikuwepo watoto wadogo pale. Nao wamejifunza kitu siku ile.

Yaliyokubaliwa ni haya. Pikipiki ilitoka kituoni baada ya siku tatu. Kioo kijiwe kilichangishana kikalipa, bila kumtaja aliyerusha jiwe. Bendera mpya ilipatikana kutoka halmashauri, kapi likabadilishwa, na mtendaji akakubali mbele ya watu kwamba bendera ya taifa itashushwa na mtu wa serikali na ile ya chama watu wa tawi watafute mtu wao. Tawi waligoma kuhamisha mlingoti, wanasema kiwanja ni chao toka zamani, na hilo limebaki hivo. Kugoma kubeba abiria kukaisha siku hiyohiyo. Mzee alimwambia kijana, "Pole mwanangu kwa kurushwa kichurachura, hilo sikulitaka," ila kuhusu funguo hakusema kitu. Wanasalimiana sasa. Kukaa benchi moja bado.

Sahivi filimbi ikilia kijiwe kinasimama, sio wote, wengi. Wapo wawili watatu wanaobaki wamekaa juu ya pikipiki zao wanaangalia simu na hakuna anayewafuata, na mwalimu alisisitiza wasifuatwe.

Mgambo kwenye kikao hakuja. Tuliambiwa kahamishiwa kata nyingine, na kuhusu kibao hakuna aliyewajibishwa wala hakuna barua. Na mwishoni kabisa, watu wameshaanza kunyanyuka, kijana alinyoosha mkono akauliza swali moja, chombo si chake, ana bosi anayempelekea hesabu kila siku, na siku tatu pikipiki ilikuwa kituoni, hiyo hela analipa nani? Mtendaji akasema swali zuri litajadiliwa kikao kijacho. Kwenye muhtasari nimeandika hoja imeahirishwa, na mpaka naandika hapa kikao kijacho hakijaitishwa.